Mabawa ya Balrog na Upatanisho wa Zimwi: Mjadala wa Maumbile ya Mazimwi katika Fasihi ya Fantasia

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mjadala kuhusu maumbile ya mazimwi katika fasihi ya fantasia, hasa swali lililowagawa wasomaji wa J.R.R. Tolkien kwa miongo mingi: je, Balrog ana mabawa? Inadaiwa hapa kwamba swali hilo, ambalo kwa kawaida huachiwa wachoraji na watengenezaji wa filamu, kimsingi ni swali la lugha. Umbo la zimwi hujengwa kwa tashibiha, vimilikishi na viwakilishi kabla ya kujengwa kwa pembe na kucha. Hoja hiyo inafuatiliwa kutoka utenzi wa Beowulf wa Kiingereza cha Kale hadi riwaya ya Tolkien, kisha inapimwa kwa zimwi na nunda wa Kiswahili. Inahitimishwa kwamba mfumo wa upatanisho wa Kiswahili humlazimisha mfasiri kuamua mambo ambayo Kiingereza kiliyaacha wazi, na pia humpa nyenzo ambazo Kiingereza hakina.

1.0 Utangulizi

Katika juzuu ya kwanza ya The Lord of the Rings, iliyochapishwa mwaka 1954, msafara wa mashujaa unakimbia ndani ya machimbo ya kale ya Moria na kukutana na Balrog, kiumbe wa giza na moto. Tukio lenyewe ni fupi. Hata hivyo, kurasa hizo chache zimezaa ubishi ambao haujakwisha. Wako wanaoshikilia kwamba Balrog ana mabawa kama popo. Wako wanaoshikilia kwamba hana, na kwamba kinachoonekana ni kivuli tu. Kila upande unatoa ushahidi wake katika ukurasa uleule.

Mtu anaweza kulipuuza suala hili kwa kusema kwamba kiumbe asiyekuwapo hawezi kuwa na mabawa wala kuyakosa. Jibu hilo ni jepesi mno. Kwanza, kazi ya bunilizi hujenga ulimwengu wenye mipaka, na msomaji ana haki ya kuuliza mipaka hiyo imewekwa na nini. Pili, wapo watu ambao hawana hiari ya kunyamaza. Mchoraji lazima achore mabawa au asiyachore. Mfasiri naye, kama tutakavyoona, hulazimika kuchagua upatanisho, na katika lugha ya Kibantu upatanisho una maana.

Makala haya yana hoja moja: kwamba maumbile ya zimwi yamo kwanza katika sarufi ya matini, na kwamba historia ya mjadala huu inaeleweka vizuri zaidi tukiisoma kama historia ya maamuzi ya kisarufi.

2.0 Grendel na mama yake: umbo katika msamiati

Tolkien alikuwa mwanaisimu wa Kiingereza cha Kale kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya. Mwaka 1936 alitoa mhadhara katika Chuo cha Taaluma cha Uingereza kuhusu mazimwi wa Beowulf na wahakiki wao. Alidai kwamba wahakiki waliotangulia waliutumia utenzi huo kama ghala la habari za kihistoria na kuwadharau mazimwi, ilhali mazimwi ndio kiini chake. Mhadhara huo uliambatana na nyongeza iliyochambua majina anayopewa Grendel, zimwi la kwanza la utenzi. Yaani, alipotaka kujua zimwi ni nini, Tolkien alianza na nomino.

Utenzi wa Beowulf una mistari 3,182 na umehifadhiwa katika muswada mmoja tu wa takriban mwaka 1000, ulionusurika katika moto wa mwaka 1731 ukiwa umeungua kingo. Kuhusu umbo la Grendel hautoi mengi. Ana umbo la mtu, lakini ni mkubwa kuliko watu. Mwanga mbaya kama wa moto hutoka machoni pake. Kucha zake zinafananishwa na chuma. Kichwa chake kinahitaji watu wanne kukibeba. Ni wa uzao wa Kaini. Zaidi ya hapo msomaji ameachiwa kazi mwenyewe.

Ubishi mkubwa zaidi uko katika neno aglæca. Neno hili hutumika kwa Grendel, na kwa joka linalotokea mwishoni, lakini pia hutumika kwa shujaa Beowulf mwenyewe. Katika sherehe ya toleo lake la mwaka 1922, Friedrich Klaeber alilifasiri kwa maana ya zimwi au shetani linapohusu maadui, na kwa maana ya shujaa linapomhusu Beowulf. Mama wa Grendel anaitwa aglæcwif, neno lililounganishwa na lile la mwanamke. Klaeber akamfanya kuwa zimwi la kike. Mwaka 1979 Sherman Kuhn alihoji kwamba kama aglæca ni mpiganaji, basi aglæcwif ni mwanamke mpiganaji na si zaidi. Wahakiki waliofuata wameonyesha jinsi wafasiri walivyomwongezea mama huyu ukucha na unyama ambao matini haijataja.

Kuna jambo jingine lisilozungumzwa sana nje ya duru za wataalamu. Katika mistari michache ya utenzi huo, mama wa Grendel anarejelewa kwa viwakilishi vya jinsi ya kiume. Wako waliodhani ni kosa la mnakili. Wako walioeleza kwamba kiwakilishi kinapatana na nomino za jinsi ya kiume, kama ile ya roho, ambazo mshairi anazitumia kumtaja. Wako pia waliosema kwamba zimwi huyu anakwepa mpaka wa mke na mume. Lipi ni sahihi si kazi ya makala haya kuamua. Kinachotuhusu ni kwamba swali kuhusu mwili wake limefikiwa kwa njia ya upatanisho.

3.0 Balrog: kutoka jeshi hadi kivuli

3.1 Mabadiliko ya kiumbe katika rasimu

Balrog wa mwaka 1954 si Balrog wa mwanzo. Katika hadithi ya kuanguka kwa mji wa Gondolin, ambayo Tolkien aliianza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, viumbe hawa ni mamia. Wanapigana katika vikosi, wana mijeledi ya moto na kucha za chuma, na wanaweza kuuawa kwa wingi. Miili yao ni ya kawaida kwa maana kwamba inaguswa, inakatwa na kuhesabiwa.

Miaka mingi baadaye Tolkien aliandika pembeni mwa maandishi yake kwamba isidhaniwe waliwahi kuwapo zaidi ya watatu, au kwa wingi wao saba. Wakati huo walikuwa wamegeuka kuwa roho za kale zilizojivika mwili. Idadi ilivyopungua ndivyo mwili ulivyofifia. Askari wa jeshi anahitaji mkono wa kushikia silaha; roho inahitaji tu kuhisiwa.

Rasimu za sura ya Moria, zilizochapishwa na mwanawe, Christopher Tolkien, mwishoni mwa miaka ya 1980, zinaonyesha mageuzi hayo yakitendeka. Katika rasimu ya awali Balrog hazidi kimo cha mtu. Kisha mwandishi anajiandikia agizo la kubadili maelezo hayo: umbo liwe kama la mtu lakini lisionekane waziwazi, na kiumbe ahisiwe kuwa mkubwa kuliko anavyoonekana. Agizo hilo ni ushahidi mzito. Linathibitisha kwamba ukungu uliomzunguka Balrog uliwekwa kwa makusudi.

3.2 Tashibiha iliyogeuka kuwa milki

Ubishi wa mabawa umejengwa juu ya sentensi mbili zilizotenganishwa na aya chache. Katika ya kwanza, kivuli kinachomzunguka Balrog kinatanda, na kinafananishwa na mabawa mawili makubwa. Hiyo ni tashibiha iliyo wazi. Katika ya pili, Balrog anapojiinua juu ya daraja, mabawa yake yanatajwa moja kwa moja, bila neno la kulinganisha, kuwa yamefunguka kutoka ukuta hadi ukuta.

Wanaokubali mabawa hutegemea sentensi ya pili. Kimilikishi, wanasema, kina dhana tangulizi: huwezi kutaja mabawa yake bila kukubali kwamba anayo. Huongeza kwamba katika maandishi mengine ya Tolkien, yaliyochapishwa mwaka 1993, mabalrogi wanavuka nchi kwa mwendo unaoelezwa kwa neno la mabawa.

Wanaokataa hutegemea mpangilio. Tashibiha ikishawekwa, wanasema, mwandishi ana ruhusa ya kuiendeleza kama sitiari bila kurudia neno la kulinganisha. Msomaji anakumbuka kwamba mabawa ni yale ya kivuli. Pia huonyesha kwamba daraja linapovunjika, Balrog anaanguka shimoni. Kiumbe mwenye mabawa yanayofika kuta zote mbili angetarajiwa kuruka. Kuhusu ule mwendo wa mabawa, hujibu kwamba hata farasi huweza kusifiwa kwa maneno hayo.

Kwa mtazamo wa kiisimu, hoja ya pili ina nguvu zaidi, ingawa haifungi mjadala. Kuanza na tashibiha na kuendelea kwa sitiari ni mbinu ya kawaida ya usimulizi katika lugha nyingi. Msimulizi wa Kiswahili anaweza kusema kwamba mawimbi yalikuja kama simba, na baada ya hapo akazungumzia ngurumo za simba hao bila mtu yeyote kudhani kwamba bahari ilijaa wanyama. Hata hivyo, katika mfano huo tunajua tangu mwanzo kwamba mawimbi si simba. Kuhusu Balrog hatujui. Katika fantasia, ujuzi wa kawaida unaotusaidia kutenganisha tashibiha na uhalisia umeondolewa, na sarufi inabaki peke yake kama shahidi.

Mwandishi mwenyewe hawezi kuitwa kuamua. Katika barua ya mwaka 1958 kuhusu muswada wa filamu uliopendekezwa, Tolkien alisisitiza kwamba Balrog hatoi sauti yoyote. Lakini katika riwaya aliyoichapisha, Balrog anaanguka kwa kilio cha kutisha. Ikiwa mtunzi na matini yake wanatofautiana kuhusu koo la zimwi, hakuna sababu ya kutarajia maafikiano kuhusu mabawa.

Filamu hazikuwa na anasa ya kusita. Ile ya katuni ya Ralph Bakshi ya mwaka 1978 na ile ya Peter Jackson ya mwaka 2001 zote zilimpa Balrog mabawa. Leo wengi husoma kitabu baada ya kuona picha, na huyaona mabawa katika sentensi ya kwanza, ambapo hayapo.

3.3 Kutoka kitu hadi nafsi

Wakati mabawa yakijadiliwa, jambo jingine limepita bila kuangaliwa vya kutosha. Msimulizi wa riwaya, katika tukio la daraja, anamrejelea Balrog kwa kiwakilishi ambacho Kiingereza hukitumia kwa vitu na wanyama. Mchawi Gandalf, anaposimulia muda mfupi kabla ya hapo jinsi alivyohisi kitu upande wa pili wa mlango, anatumia kiwakilishi hichohicho. Lakini katika juzuu ya pili, Gandalf aliyekwisha kupigana na Balrog kutoka vilindini hadi kileleni mwa mlima anasimulia upya, na sasa anatumia kiwakilishi cha mwanamume: adui alianguka naye, alimkamata, alimkimbia.

Mwili wa Balrog haujabadilika kati ya masimulizi hayo kwa namna inayoweza kueleza tofauti. Kilichobadilika ni ujuzi. Asiyejulikana ni kitu. Aliyejulikana, hata kwa uadui, ni nafsi. Mpaka huo wa kitu na nafsi una uzito kuliko mabawa, kwa sababu ndio unaoamua kama zimwi linaweza kuwa na hatia, hofu au kifo cha haki.

4.0 Umbo linapotajwa waziwazi

Faida ya ukungu wa Balrog inaonekana tukimlinganisha na orki, askari wa kawaida wa maadui katika riwaya hiyohiyo. Hao wamepewa sura. Jemadari wa orki katika Moria ana uso mpana, uliobapa na mweusi. Katika barua ileile ya mwaka 1958, Tolkien aliwaeleza orki kuwa wafupi, wenye pua bapa, vinywa vipana na macho ya kuinama, akawafananisha na sura zilizodunishwa za watu wa Asia ambazo, kwa macho ya Wazungu kama alivyoweka mpaka mwenyewe, hazipendezi.

Tolkien aliandika pia maneno makali dhidi ya nadharia za rangi za Wanazi, na haki inataka hilo litajwe. Lakini nia ya mtunzi haifuti kazi inayofanywa na maelezo. Zimwi lisilo na sura humtisha kila msomaji kwa kiasi sawa. Zimwi lenye pua bapa na ngozi nyeusi humtisha msomaji mmoja na kumtukana mwingine. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, mjadala wa maumbile ya mazimwi unagusa uso wake mwenyewe. Mfasiri anayeleta maelezo hayo kwa Kiswahili anapaswa kujua anabeba nini.

5.0 Zimwi na nunda

Kiswahili kinaingia katika mjadala huu kikiwa na rasilimali yake. Neno zimwi linahusishwa na shina lilelile la mzimu na kuzimu. Shina hilo limeenea katika lugha za Kibantu, na linapomaanisha mla watu wa ngano huelekea kukaa katika ngeli ya 5/6: Wakikuyu wana irimũ, Wazulu wana izimu, Wasotho wana ledimo. Maumbile ya kiumbe huyu hayafanani. Irimũ wa Wakikuyu huweza kuwa na mdomo wa pili kisogoni, uliofichwa na nywele. Kwingine ni mtu mwenye mguu mmoja, au mgeni wa kawaida anayejulikana kwa tabia yake tu. Alice Werner, aliyefundisha Kiswahili mjini London, alitenga sura nzima kwa viumbe hawa katika kitabu chake cha mwaka 1933. Ukiyakusanya masimulizi hayo, kinachodumu kutoka lugha moja hadi nyingine ni ngeli, wala si umbo.

Katika Kiswahili sanifu, nomino ya kiumbe mwenye uhai hupatana kwa a-/wa- bila kujali ngeli yake ya kimofolojia. Hata hivyo, hali ya ukubwa inaruhusu upatanisho wa li-/ya- ubaki: jitu lile limekuja, joka lilimmeza. Upatanisho huo huongeza ukubwa, hofu au dharau. Methali inayojulikana na kila mzungumzaji inasema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Viambishi vyote ni vya ngeli ya 5. Zimwi linakujua, na kwa sababu hiyo linakuhurumia kidogo, lakini sarufi haijalipandisha hadhi ya nafsi. Katika hadithi za kisasa za watoto, kwa upande mwingine, tunasoma kwa kawaida kwamba zimwi alikuja, zimwi akasema. Kati ya li- na a- pana umbali uleule ambao Gandalf aliuvuka.

Ngano ya Sultani Majnuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa Unguja, ni mjadala kamili wa maumbile ya zimwi. Paka wa Sultani anakula mifugo, kisha watu, na Sultani anakataa kumwadhibu kwa kuwa paka ni wake na vilivyoliwa ni vyake. Ni pale paka anapowaua wana wa Sultani mwenyewe ndipo Sultani anapokubali kwamba huyu si paka tena bali ni nunda. Jina limebadilishwa na tendo.

Kijana mdogo wa Sultani anakwenda kumsaka nunda ambaye hajawahi kumwona. Anaua mbwa, ngawa, punda milia, twiga, kifaru, ndovu, na kila mara analeta mzoga kwa mama yake akiuliza kama ndiye. Mama anajibu kwamba siye. Anachopewa ni dalili chache: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka kama ya ngawa, mkia mnene. Msikilizaji wa ngano anapitishwa katika orodha ya maumbo ambayo si ya zimwi kabla ya kulifikia lililo lake. Ukubwa peke yake si kigezo, kwani ndovu amekataliwa. Utisho wa sura si kigezo, kwani kifaru amekataliwa. Epitheti ya nunda, mla watu, ndiyo inayomtambulisha. Msimulizi wa Unguja na Tolkien hawakujuana, lakini wote wawili walijua kwamba zimwi hupungua nguvu linapoelezwa kwa ukamilifu mapema mno.

6.0 Mfasiri mbele ya chaguo

Tuchukulie sasa mfasiri anayekusudia kulileta tukio la daraja la Moria katika Kiswahili. Anakabiliwa na maamuzi matatu.

La kwanza ni neno la kulinganisha. Kama na mithili ya huacha uwezekano wazi. Kana kwamba huelekea kukanusha uhalisia wa kinachofananishwa. Akichagua kana kwamba katika sentensi ya kwanza, atakuwa amewanyima mabawa wale wanaoyatetea kabla hawajajitetea.

La pili ni sentensi ya mabawa yenyewe. Kimilikishi cha Kiingereza kina tafsiri ya moja kwa moja, mabawa yake, na dhana tangulizi ya milki inahamia nayo. Lakini Kiswahili kina kionyeshi rejeshi: mabawa hayo. Maana yake ni mabawa yaliyokwisha kutajwa, na kilichokwisha kutajwa ni kivuli kilichofananishwa na mabawa. Kwa silabi chache mfasiri anaweza kuwapa ushindi wanaokataa mabawa. Hakuna chaguo lisiloegemea upande. Rai ya makala haya ni kwamba mabawa yake libaki, kwa kuwa utata ni mali ya matini na mfasiri hana mamlaka ya kuutatua. Mwenye rai tofauti na aieleze katika dibaji yake, asiifiche katika kiambishi.

La tatu ndilo lenye faida kubwa. Kiwakilishi cha Kiingereza cha kitu na kile cha mtu vingeweza kupotea vyote viwili ndani ya a- ya Kiswahili, ambayo haitofautishi mke, mume wala mnyama. Mfasiri asiye makini atatumia a- tangu mwanzo hadi mwisho, na mageuzi ya Gandalf yatafutika. Lakini akimwita Balrog zimwi au jitu, anaweza kutumia li- daraja lote, kisha a- katika masimulizi ya Gandalf. Hapo Kiswahili kitafanya zaidi ya Kiingereza, kwa sababu upatanisho wetu haukai katika kiwakilishi pekee. Unagusa kitenzi, kivumishi na kionyeshi. Msomaji atayasikia mabadiliko katika kila neno.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mjadala wa maumbile ya mazimwi umepita, tangu Beowulf hadi Balrog, katika njia za kisarufi: maana ya nomino moja, jinsi ya kiwakilishi, tashibiha iliyofuatwa na kimilikishi. Tumeona pia kwamba pale umbo lilipotajwa waziwazi, kama kwa orki, liliazimwa kutoka nyuso za watu halisi, na deni hilo linalipwa na wasomaji wa mbali.

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuliuliza zimwi linawakilisha nini: mkoloni, mtawala, njaa, mauti. Swali hilo ni halali, lakini linatangulia mno. Kabla ya kuuliza zimwi ni nani, tuangalie linapatana kwa kiambishi gani, na katika kinywa cha nani. Uchunguzi wa matumizi ya li- na a- kwa mazimwi katika mikusanyo ya ngano za karne ya 19, ukilinganishwa na riwaya za leo, ungeweza kuonyesha lini na wapi zimwi la Waswahili lilianza kuwa nafsi. Hiyo ni kazi inayofaa kwa mwanafunzi wa uzamili mwenye subira, na matini zake zipo tayari.